Kisanduku cha kusikiliza hewa: kengele ya dhoruba kwa wavuvi wa dagaa

Mimi ni fundi simu. Meza yangu iko mjini Mwanza, hatua chache kutoka Makoroboi, na riziki yangu ni chaja zisizopeleka moto, maiki zilizoingia maji na vioo vilivyopasuka. Kwa miaka mitatu sasa, jioni nikifunga kazi, natengeneza kisanduku kinachopima mgandamizo wa hewa na kupiga simu pale dhoruba inapogusa ufukwe. Nimeshatengeneza sita. Vinne vilikufa. Hapa naeleza namna ya kutengeneza kinachodumu, na zaidi ya hapo namna ya kuzisoma namba zake, maana hapo ndipo maelekezo mengi ya mtandaoni yanapotupoteza. Yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na anga lao halina tabia za anga letu.

Nianze na kilichonisukuma. Mjomba wangu anavua dagaa, anatokea mwalo wa Igombe. Dagaa ni kazi ya usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ili taa za mtumbwi ziwe ndio mwezi wao. Na usiku huohuo ndio ziwa hupika mvua zake. Mchana ardhi hupata joto kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu inapoa upesi, maji yanabaki na uvuguvugu wake, upepo unatoka kandokando pande zote kuelekea ziwani, unakutana huko, na hewa ile iliyojaa unyevu haina pa kwenda isipokuwa juu. Ndipo radi zinapoanza, na mvuvi wa dagaa yuko chini yake.

Usiku mmoja wa vuli mtumbwi wao ulipinduka. Walitoka wanne, wakarudi watatu, wameshikilia madumu mpaka kulipopambazuka. Nilipokwenda kumpa pole, mjomba hakusema mengi. Alisema, "Mama, baridi ilitangulia. Upepo wa baridi ulikuja maji yakiwa bado yametulia, tukasema tuvute wavu kwanza." Hayo maneno, baridi ilitangulia, ndiyo yaliyonifanya nianze kusoma.

Mvua kubwa inaposhuka huburuta hewa ya baridi kutoka juu na kuibwaga kwenye maji. Ikifika chini inatambaa kama uji uliomwagika mezani. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, kwa hiyo pale ukingo wa ule uji unapopita, mambo matatu hutokea karibu kwa pamoja, ndani ya dakika chache: upepo unageuka ghafla, joto linashuka, na mgandamizo wa hewa unaruka juu. Unaruka juu, haushuki. Lishike hilo.

Chombo chenyewe

Chipu ninayotumia ni BMP280 ya Bosch. Upana wake ni milimita 2, urefu milimita 2.5, unene haufiki milimita 1. Iweke kwenye ncha ya kidole, ukipiga chafya umeipoteza. Ndani yake kuna kiwambo cha silikoni kilichowambwa juu ya kishimo kisicho na hewa kabisa, mfano wa ngozi ya ngoma juu ya mzinga wake. Hewa ya nje ikikandamiza, kiwambo kinabonyea, na rezista zilizomo kwenye kiwambo hicho zinabadilisha ukinzani wake. Badiliko hilo la umeme ndilo linalogeuzwa kuwa namba. Kwa hiyo ni mashine ya kweli, ina kitu kinachocheza, ila kinacheza kwa kiasi ambacho jicho halitakiona kamwe.

Usahihi wake wa kulinganisha kipimo kimoja na kingine ni hektopaskali 0.12; hektopaskali ndiyo namba tunayopimia mgandamizo wa hewa. Ukiinyanyua kutoka sakafuni hadi juu ya kabati, inajua. Ikipima mara moja kwa sekunde inakula wastani wa maikroampea 2.7 tu, umeme mdogo mno kiasi kwamba kinachomaliza betri ni vitu vingine vyote ndani ya sanduku, siyo yenyewe.

Vitu vya ukoo huu, yaani vimashine vidogo mno vya silikoni, vilianza kushuka bei viwanda vya magari vilipovihitaji kwa wingi kwa ajili ya mifuko ya hewa, miaka ya 1990, kisha simu zikaja kumalizia kazi. Maiki ninayobadilisha kila siku kwenye simu za wateja ni ndugu yake BMP280: nayo ni kiwambo cha silikoni ndani ya kifuniko chenye tundu. Na somo la meza yangu linafaa hapa pia. Usipulize tundu kwa upepo wa kompresa. Usichokonoe kwa sindano. Usiweke bodi kwenye ile mashine ya kuosha kwa mtetemo, maana mtetemo wake unaweza kupasua kiwambo na wewe usione alama yoyote. Mwaka 2018 hospitali moja ya Marekani ilivujisha gesi ya heli na simu nyingi za aina moja zikazima humo ndani. Heli ilikuwa imepenyeza kwenye kijidude cha ukoo huu kinachozipigia simu hizo mapigo ya saa. Baada ya siku chache za kupunga hewa, nyingi zikaamka. Nasimulia ili uone vilivyo vyepesi kudhurika na visivyotarajiwa.

Kabla ya kununua chochote, jaribu simu yako. Baadhi ya simu, hasa za bei ya juu, zina kipimo hiki tayari. Pakua programu ya bure iitwayo phyphox, tafuta sehemu ya mgandamizo. Kama simu haina kipimo, programu yenyewe itakuambia. Kama ipo, panda nayo mlima. Mwanza hatuna shida ya milima, majumba yetu yamekaa juu ya mawe. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana kando ya maji utasoma kama hektopaskali 886 au 887, siyo zile 1,013 wanazozitaja vitabuni. Wengi wakiona 887 wanadhani chipu ni mbovu, wanairudisha dukani. Haina ubaya wowote. Hapa kwetu kila mita 10 unazopanda, mgandamizo unapungua karibu hektopaskali 1. Nilipanda ngazi za mawe kule Mabatini nikiwa na mfuko wa nyanya mkono mmoja na simu mkono wa pili, namba ikawa inashuka nyumba kwa nyumba. Tangu siku hiyo niliiamini.

Kununua na kuunga

Dukani utauziwa bodi ndogo ya zambarau yenye miguu sita. Angalia kwanza umepewa nini. Wauzaji wengine huandika BME280, ambayo inapima na unyevu na bei yake iko juu, kumbe ndani ni BMP280. Tofauti unaiona kwa macho: BME280 ni mraba, milimita 2.5 kwa 2.5; BMP280 ni mstatili. Ukishaiunga, isome namba yake ya utambulisho iliyo kwenye rejista 0xD0, kisehemu cha kumbukumbu ndani ya chipu: ikijibu 0x58 ni BMP, ikijibu 0x60 ni BME. Kwa kazi yetu BMP inatosha kabisa, maana inapima na joto. Unachokataa ni kulipia kitu ambacho hujapewa.

Ubongo ninaotumia ni ESP32, bodi ya kompyuta ndogo inayoendesha programu. VCC ya bodi ndogo, mguu wa kuingizia umeme, inakwenda kwenye volti 3.3, na si kwenye 5 hata kwa bahati mbaya, kwa kuwa bodi hizo za miguu sita hazina cha kupunguza umeme. GND, yaani hasi, kwa GND. SDA na SCL ni miguu ya kupitishia taarifa: SDA kwenye mguu wa 21 wa ESP32, SCL kwenye mguu wa 22. SDO ukiiunga na GND, anwani ya chipu inakuwa 0x76. Ukiiunga na VCC inakuwa 0x77. CSB iunge na VCC ili isichanganyikiwe. Waya ziwe fupi, sentimita 20 au 30 zinatosha, lakini usiibandike chipu juu ya ESP32 yenyewe. ESP32 inapata joto, na kipimo chako cha joto kitakuwa kinapima ubongo badala ya hewa.

Cha kupigia simu ni SIM800L, kijidude kinachowekwa laini ya simu, na hapa ndipo mafundi wengi wanakata tamaa. Kinawaka, kinatafuta mtandao, kinazima. Kinawaka, kinazima. Watu hulaumu laini, wanalaumu antena. Tatizo ni njaa. Kijidude hiki kinataka volti kati ya 3.4 na 4.4, na kinapozungumza na mnara kinavuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Chaja ndogo au mguu wa ESP32 hauwezi kukilisha hivyo. Kiunge moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu aina ya 18650, kwa waya nene na fupi, kisha weka kapasita ya maikrofaradi 1,000 jirani kabisa na miguu yake. Betri ichajiwe na paneli ndogo ya sola kupitia bodi ya chaja yenye kinga. Sanduku langu la pili na la tatu yote yaliuawa na njaa hii kabla sijaielewa.

Saa nne na saa kumi

Sasa njoo kwenye lile ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Maelekezo ya nchi za baridi yanasema: mgandamizo ukishuka, dhoruba inakuja. Niliandika programu hivyo. Jioni ya kwanza, kabla ya saa kumi, kengele ikalia. Nje jua linawaka, ziwa kimya. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu hivyohivyo, nikaivua betri kwa hasira.

Nilipochora namba za wiki nzima kwenye karatasi ya miraba ndipo nikaona. Kwetu huku karibu na ikweta anga linapumua mara mbili kwa siku. Jua linapasha hewa ya juu, na wimbi la mgandamizo linazunguka dunia kwa kufuata saa. Mwanza linafika kileleni kati ya saa nne na saa tano asubuhi, linashuka hadi chini kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, linapanda tena kati ya saa nne na saa tano usiku, linashuka tena kati ya saa kumi na kumi na moja alfajiri. Saa nne juu, saa kumi chini, mchana na usiku. Kushuka kwa mchana ni kama hektopaskali 3, kwa usiku ni kudogo zaidi. Siku zote, mvua iwepo isiwepo. Kwa saa yetu ya Kiswahili mtoto anaweza kukariri.

Kwa hiyo kushuka hakutuambii kitu, kwa sababu kunatokea kila siku. Tunachotafuta ni kuruka juu kwa ghafla, pamoja na ile baridi ya mjomba. Wimbi la kila siku linabadilika kama nusu hektopaskali kwa saa nzima. Uji wa baridi unabadilisha zaidi ya hapo kwa dakika chache.

Usiku mmoja wa Aprili daftari langu linasema hivi. Saa nane na nusu usiku: 886.1, joto 23.4. Saa nane na dakika 41: 886.3. Dakika ya 44: 887.2, joto 21.9. Dakika ya 47: 887.9, joto 19.8. Huo ni wakati ambao mgandamizo ulipaswa kuwa unateremka taratibu kuelekea saa kumi. Mvua ilianza kupiga bati dakika ya 53. Nilikaa kitandani naangalia zile namba, nikamsikia mjomba akisema baridi ilitangulia.

Hivyo programu yangu inafanya hivi: inapima kila sekunde, inachukua wastani wa kila dakika, inalinganisha na dakika 10 zilizopita. Mgandamizo ukiwa umepanda hektopaskali 1 au zaidi, na joto limeshuka nyuzi 2 au zaidi, inapiga simu. Masharti yote mawili kwa pamoja. Mgandamizo peke yake hudanganywa na mlango unaobamizwa au sanduku linalohamishwa. Joto peke yake hudanganywa na wingu. Namba hizo ni za ufukwe wangu. Wewe weka daftari mwezi mzima kwanza, ndipo uzirekebishe.

Kingine, kisipige simu kuongea, kibipu. Kiite mara tano kikate. Ujumbe mfupi unapotea kati ya matangazo ya bahati nasibu, na mtu anayevuta wavu hasomi. Simu inayoita anaisikia, na kwa kuwa hapokei, salio haliliwi. Kwenye simu ya mjomba namba hiyo imeandikwa DHORUBA.

Sanduku

Sanduku la kwanza nililiziba kila tundu kwa silikoni, nikajisifu kwamba hata tone haliingii. Kweli halikuingia tone, na hewa nayo haikuingia. Jua lilipopanda, hewa ya ndani ikapata joto ikavimba, namba ikapanda hektopaskali nyingi huku nje hakuna kilichotokea. Nilikuwa napima kopo. Silikoni ile yenye harufu ya siki nayo si rafiki wa chipu, mvuke wake unaweza kuishambulia.

Tumia makopo mawili. La juu ni la betri, ESP32 na SIM800L, lizibe vizuri. La chini ni dogo, la chipu peke yake, likiwa na matundu upande wa chini ili mvua isiingie, na waya zipite katikati kwa tundu lililozibwa. Rangi nyeupe, kivulini, maana chipu hii inasumbuliwa na mwanga wa moja kwa moja pia. Ndani ya kopo la chini weka kipande cha sponji mbele ya matundu ili upepo usiingie kwa kishindo na kuichanganya. Nje ya matundu funga kipande cha chandarua chenye matundu madogo kabisa. Sababu unaijua kama umekaa kando ya ziwa hili: wale vijidudu wanaopaa majini kama moshi, wakitua wanatua kwa maelfu, na sanduku langu la nne waliliziba kwa usiku mmoja. Kila wiki pangusa chandarua kwa brashi kavu ya rangi.

Kimoja hakitoshi

Lazima niseme wazi: kisanduku kilicho kwenye mwalo wako kinakuambia dhoruba ikiwa imeshafika kwenye mwalo wako. Kwa mtu aliye mbali majini upande ule, hizo ni dakika. Kwa mtu aliye upande ilikotoka, imeshampita. Faida inakuja vinapokuwa viwili, vitano, ishirini. Ukingo wa baridi unaotembea kilomita 36 kwa saa unahitaji nusu saa kuvuka kilomita 18. Nusu saa inatosha kukata kamba ya wavu na kujibanza nyuma ya kisiwa. Kisanduku changu cha tano kiko Igombe. Cha sita nimemtundikia shemeji Ukerewe, zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini kwa mstari ulionyooka, na kikibipu, watu wa Igombe wanajua kabla hawajahisi chochote. Mara nyingine kinabipu na dhoruba inafia njiani. Mjomba anasema afadhali arudi na ndoo mbili.

Hiki ndicho ninachokiona mbele kwa vidude hivi. Chipu mpya za mgandamizo zinapima kwa kapasita badala ya rezista, zina utulivu zaidi na zinakula umeme kidogo zaidi. Tayari zipo chipu za mwendo zenye uwezo wa kuamua ndani yake zenyewe, zinazouacha ubongo mkubwa ulale mpaka kuna la kusema. Siku kipimo cha hewa kitakapojua chenyewe saa nne na saa kumi, betri moja itakaa miaka, na kila mtumbwi utakuwa kituo. Mtumbwi utauonya mtumbwi. Mnara wa simu hautahitajika, na hilo ndilo ninaloliomba kuliko yote, kwa kuwa wanaokwenda mbali zaidi ndio wasio na mtandao, na leo kisanduku changu hakiwafikii.

Mpaka hapo, utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe kwanza, kila jioni. Wakisema upepo mkali, mtumbwi ubaki mchangani hata kama kisanduku kiko kimya. Na jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe kama mto.

Jaribio la mwisho kabla hujatundika. Weka kisanduku kizima ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni pamoja na chupa ya maji yaliyoganda, kopo la chini liwe karibu na chupa. Funga mdomo wa mfuko ukiwa na hewa ndani. Subiri joto lishuke nyuzi 2, kisha ukandamize mfuko kwa viganja viwili, polepole, ushikilie dakika mbili. Hektopaskali 1 ni sawa na uzito wa maji ya kina cha sentimita 1 tu, mikono inatosha. Simu lazima iite. Isipoita, angalia kwanza kama mfuko unavuja, kisha salio la laini, maana laini isiyotumika muda mrefu hufungwa.

Mimi nafanya hivyo kila mwezi, siku moja kabla ya giza kuanza, mwalo ukiwa unarekebisha nyavu. Nakandamiza mfuko, simu ya mjomba inaita mara tano. Naye ananibipu kuniambia imefika.